Nyambizi F-4, Honolulu 1915: ribiti zilizoliwa na tindikali

Asubuhi ya tarehe 25 Machi 1915 nyambizi tatu za jeshi la majini la Marekani, F-1, F-3 na F-4, zilitoka bandari ya Honolulu kwenda mazoezi ya kuzama. Ilikuwa kazi ya kawaida kwao. Mbili zilirudi. F-4 ilikuja kupatikana imelala kwenye kina cha futi 306, yaani pima 51, maili moja na nusu hivi kutoka bandarini, na watu wote 21 waliokuwamo walikuwa wamekwisha kufa. Kabla ya hapo Marekani haikuwa imepoteza baharini nyambizi yoyote iliyokwisha kuingia kazini.

Kisa hiki kikisimuliwa, wazamiaji ndio wanaochukua nafasi kubwa, nao wanastahili. Ila kwa anayetaka kujua chombo kinavyokufa, cha kutazama kwanza ni ukuta mmoja wa chuma ndani ya F-4, uliofunikwa kwa bati la risasi na kuzibwa na seli za betri, mahali ambapo mabaharia wake wasingeweza kupaona bila kuibomoa nusu ya nyambizi.

Chombo chenyewe

F-4 ilianza kujengwa tarehe 21 Agosti 1909 huko Seattle, kwenye kiwanda cha Moran Brothers, na jina lake lilikuwa Skate. Wenzake watatu waliitwa Carp, Barracuda na Pickerel, kwa kuwa siku zile nyambizi za Marekani zilipewa majina ya samaki. Tarehe 17 Novemba 1911 majina hayo yalifutwa, zikabaki F-1, F-2, F-3 na F-4. Ilishushwa majini tarehe 6 Januari 1912 na kuingia kazini tarehe 3 Mei 1913, chini ya Luteni K. H. Donavin. Siku ya ajali aliyekuwa akiiongoza ni Luteni Alfred L. Ede.

Ilikuwa chombo kidogo. Urefu wake mita 43.5, upana mita 4.7. Ikielea ilikuwa na uzito wa tani 330, ikizama tani 400. Omoni, yaani mbele, kulikuwa na mirija minne ya torpido, na watu wake wa kawaida walikuwa 22. Juu ya maji ilikwenda kwa injini mbili za dizeli hadi noti 13.5 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), chini ya maji kwa mota za umeme hadi noti 11.5. Kina ilichoruhusiwa kufika ni futi 200, karibu mita 61. Ganda lenyewe lilikuwa na akiba ya nguvu: mwaka 1912 dada yake F-1 ilishuka hadi futi 283 ikapanda salama, na kina hicho kilikuwa rekodi ya dunia. Namba hiyo inafaa kukumbukwa, maana inaonyesha kwamba F-4 haikuuawa na udhaifu wa ganda lake la nje.

Utumishi wake ulikuwa mfupi. Ilijiunga na Kundi la Kwanza la Nyambizi katika flotila ya torpido ya Pasifiki, ikafanya mazoezi pwani ya magharibi ya Marekani, kisha Agosti 1914 kundi zima likapelekwa Hawaii. Halikwenda kwa injini zake, lilivutwa na meli kubwa za kivita. Dizeli za kizazi kile zilitikisa mno, na mtikisiko huo tutaukuta tena tukifika kwenye betri.

Jinsi ilivyozama na kuibuka

Matangi makuu ya farumi, yaani ya maji ya kukipa chombo uzito, ya F-4 yalikuwa ndani ya ganda lenyewe, si pembeni kama ilivyo kwenye nyambizi nyingi za baadaye. Chini ya kila tangi kulikuwa na vali ya kuingizia maji ya bahari, na juu yake kulikuwa na vali ya kutolea hewa. Kuzama kulikwenda hivi: dizeli zinazimwa, vali za hewa ya injini na za moshi zinafungwa na kukaguliwa, rafadha zinaunganishwa na mota za umeme, vifuniko vya sitaha vinafungwa, kisha vali za chini zinafunguliwa na za juu zinafuata. Hewa inatoka, maji yanaingia, chombo kinashuka.

Nahodha makini hajazi hadi mwisho. Anaacha nyambizi na wepesi kidogo wa kuelea, kilo mia chache tu, halafu anaishikilia chini kwa mapezi ya kuzamia huku rafadha zikizunguka. Mota zikikata, chombo kinapanda chenyewe polepole. Huo ndio usalama wake wote. Ukipima, utaona wepesi huo ni mdogo kuliko uzito wa mapipa matatu ya maji, na mapipa matatu yakiingia ndani bila kujulikana, chombo kilichokuwa tayari kupanda kinakuwa tayari kushuka.

Kuibuka ni kinyume: hewa iliyoshindiliwa kwenye chupa za chuma inaachiwa ndani ya matangi, inasukuma maji yatoke kwa vali za chini. Tofauti ya uzito wa F-4 ikielea na ikizama ni tani 70, kama mita za ujazo 69 za maji ya chumvi. Kuyatoa maji hayo ukiwa karibu na uso wa bahari kunataka hewa ya kawaida mita za ujazo 69 na ziada kidogo. Kwenye kina cha mita 60 hewa inabanwa mara saba, kwa hiyo utahitaji zaidi ya mita za ujazo 480. Kwenye mita 93, mahali F-4 ilipolala, zaidi ya 700. Hewa ni ileile, chupa ni zilezile, na bomba linaloipitisha ni lilelile jembamba. Ukichelewa dakika moja kufungua vali ya hewa, unaweza kuwa umechelewa kabisa.

Tangi la betri

Betri ya F-4 ilikuwa na seli 120 za risasi na tindikali, makundi mawili ya seli 60, zikiwa zimepangwa chini ya sakafu ndani ya matangi ya chuma. Kila seli ilikuwa na uzito wa mamia ya kilo. Matangi hayo yalijengwa kwa mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma iliyopondwa vichwa, na upande wa pili wa bamba kulikuwa na maji ya farumi. Betri upande mmoja, bahari upande mwingine, katikati bamba moja na mistari ya ribiti.

Tindikali ya salfa inakula chuma. Ndiyo maana tangi zima lilivishwa ndani bati la risasi, kwa sababu tindikali ikigusa risasi inajenga utando mgumu juu yake na kusimama hapo. Viungo vya bati viliyeyushwa kwa moto hadi vikashikana. Kazi hiyo ikifanywa vizuri tangi hudumu miaka. Inaharibika kwa njia chache, zote za kawaida: mtikisiko wa injini unachosha bati kwenye pembe hadi linapata ufa; seli ikishushwa vibaya inalitoboa; kiungo kilichoyeyushwa kwa haraka kinaacha tundu jembamba kama sindano. Tindikali haiishi kumwagika. Seli zinapochajiwa zinachemka, zinarusha matone, na chombo kikiyumba zinafurika. Tone linapita kwenye ufa, linakaa kati ya risasi na chuma mahali pasipokauka, na linaanza kazi.

Hapo ubaya wa bati la risasi unaonekana. Kwa juu linang'aa kama kawaida, chini yake chuma kinaliwa na kujaa mashimo. Kichwa cha ribiti kinaliwa kabla ya bamba, maana ndicho kilichochomoza na pembeni yake kuna upenyo. Ribiti iliyopoteza kichwa inaweza kukaa mahali pake kwa sababu ya kutu tu. Haivuji, au inatoa unyevu unaodhaniwa ni jasho la chuma. Bandarini, farumi ikiwa tupu, hakuna kinachoisukuma.

Ukaguzi wa kweli una njia moja tu. Sakafu inang'olewa, viunganishi vya seli vinafunguliwa, seli zinainuliwa moja moja, tangi linaoshwa kwa maji ya magadi hadi liache kutoa povu, bati linapigwapigwa kwa kidole kusikia mahali palipoachana na chuma, kisha tangi la farumi la jirani linajazwa maji kwa presha na mtu anakaa na taa akitazama kama kuna kinachotoka. Ni kazi ya siku nyingi, na nyambizi haitumiki muda wote huo. Kwenye kituo cha mbali kama Honolulu ya 1914, kazi ya namna hiyo haifanywi mpaka kitu kionekane kimeharibika.

Dakika za mwisho

Hakuna aliyeona F-4 ikizama na hakuna aliyetoka. Tunachoweza kufanya ni kufuata walichokikuta wachunguzi baadaye kwenye chuma: ukuta wa kushoto wa tangi la betri la mbele ulikuwa umeliwa, na ribiti zake zilikuwa zikipitisha maji.

Chukua ribiti moja iliyoacha tundu la milimita 6. Kwenye kina cha mita 20 itapitisha kama lita 20 kwa dakika. Zikiwa kumi, ni lita 200 kwa dakika, na ndani ya dakika tano tani moja ya maji imeingia mahali isipotakiwa kuwepo. Mapezi yanaweza kuibeba tani hiyo kwa muda ikiwa chombo kina mwendo. Tatizo ni mahali ilipo. Nyambizi iliyozama ina uthabiti mdogo sana kutoka omo hadi tezi. Tani moja ikikaa mita 10 mbele ya kitovu, kwa makadirio, inainamisha chombo cha ukubwa huu nyuzi tano hivi. Chombo kikiinama, maji yaliyo chini ya seli yanakimbilia omoni, na kinainama zaidi.

Sasa hesabu mwendo. Noti 6 ni kama mita 3 kwa sekunde. Ukiwa umeinamisha pua nyuzi 15, unashuka karibu mita 0.8 kila sekunde, na kutoka mita 20 hadi kina cha mwisho kinachoruhusiwa ni sekunde 50. Ndani ya sekunde hizo nahodha anatakiwa atambue kwamba mapezi hayashiki, aamuru mota zirudishe nyuma, aamuru farumi itolewe, na hewa ianze kufanya kazi.

Na hapo kuna jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote. Ili kutoa maji kwenye tangi la farumi ni lazima hewa iwe na presha inayozidi ya bahari. Presha hiyo inasukuma maji nje kwa vali ya chini, na vilevile inayasukuma kwa nguvu zaidi kwenye tundu za ribiti, kuelekea kwenye betri. Kwa ukuta uliooza, tiba inaongeza ugonjwa. Tangi likianza kuwa jepesi chombo kitapona, lakini dakika ya kwanza, kabla maji mengi hayajatoka, uvujaji unaongezeka.

Kisha umeme. Maji ya chumvi yakipanda hadi kwenye vichwa vya seli yanatengeneza shoti, na mota zinapoteza nguvu wakati zinapohitajika kurudisha chombo nyuma. Chumvi ikikutana na tindikali na umeme inazaa klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatanda sakafuni na kujaza chumba cha chini kwanza, na macho na koo ndivyo vya kwanza kushindwa. Mtu anayetakiwa kushika vali anakuwa anakohoa.

Wapo waliopinga maelezo ya betri. Kwa kutegemea yale mabaharia waliyokuwa wakiyasema kuhusu F-4, waliamini kasoro ilikuwa kwenye mabomba ya hewa yanayokwenda kwenye matangi ya farumi. Hatuoni haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Ukuta uliooza unaeleza kwa nini chombo kiliinama. Hewa inayofika polepole inaeleza kwa nini hakikuinuka. Nyambizi yenye ukuta mbovu na mabomba mazuri ilikuwa na nafasi ya kupona.

Kutafuta

Juhudi za kwanza zilifanywa kwa matumaini kwamba watu bado wako hai. Tagi, meli ndogo za kuvutia vyombo, zilivuta kebo za waya chini ya bahari hadi ziliponasa kitu kizito, na wakajaribu kukivuta kuelekea maji mafupi. Haikuwezekana. Chini ya Hawaii hakuna tambarare pana. Ukishatoka kwenye mwamba wa matumbawe sakafu ya bahari inateremka kama paa la nyumba. Hata kama chombo kingekuwa kimeonekana saa ileile, hakukuwa na kifaa cha kumtoa mtu kwenye kina kile. Kengele ya uokoaji, ile iliyowatoa watu 33 kwenye nyambizi Squalus, ilitumika mwaka 1939.

Jeshi likawaita wazamiaji wa kikundi cha majaribio cha New York, kilichoongozwa na George D. Stillson. Hawa walikuwa wametumia miaka miwili iliyotangulia kufanyia kazi kanuni za Mskoti Haldane za kupanda kwa vituo, yaani kusimama njiani ili gesi iliyoingia mwilini itoke polepole, na mwishoni mwa 1914 mmoja wao, Stephen Drellishak, alikuwa amefika futi 274 katika majaribio. Katikati ya Aprili walikuwa Honolulu.

Mzamiaji wa kofia ya shaba kwenye futi 304 yuko chini ya presha mara kumi ya ile ya hewa ya juu. Anahitaji kama lita 40 za hewa kila dakika kwa ujazo wa hapo alipo, ili kuondoa hewa chafu ndani ya kofia, na lita 40 za kule chini ni zaidi ya lita 400 za huku juu. Pampu ya mkono iliyozungushwa na watu wanne au sita haiwezi. Walichofanya ni kuunganisha mpira wa hewa na chupa za hewa za torpido, zilizojazwa kwa presha kubwa, na kuipunguza presha kwa vali kabla haijamfikia mtu. Ni suluhisho la watu waliotazama walichonacho kwenye meli wakakitumia.

Kuna hatari ambayo hawakuijua vizuri. Hewa ya kawaida kwenye kina hicho ina naitrojeni ya kutosha kumlewesha mtu kama aliyekunywa, na presha ya oksijeni peke yake inavuka mara 2 ya presha ya hewa ya huku juu, kiwango ambapo degedege linaweza kumpata mzamiaji bila onyo. Kanuni za leo za kuzamia kwa hewa huweka mpaka kwenye 1.4 hadi 1.6 kwa kipimo hichohicho. Kilichowaokoa ni ufupi wa muda: Frank Crilley aliposhuka hadi F-4 alikaa chini dakika chache tu, kisha akachukua zaidi ya saa moja na nusu kupanda, akisimama kwenye kila kituo. Rekodi yake ya futi 304 iliwekwa pale. Stillson aliposhuka alikuta sehemu ya juu imebonyea na ganda limejaa maji, na swali la kuokoa watu likawa limekwisha.

Tarehe 17 Aprili William Loughman alikuwa akipanda baada ya kukagua kebo. Kwenye futi 250 hivi kamba yake ya uhai na mpira wake wa hewa vikajisokota kwenye kebo ileile ya kunyanyulia, akashindwa kupanda na akashindwa kushuka. Kila wimbi lililoinua chombo cha juu lilikaza fundo. Crilley alijitolea, akavaa, akashuka, na akalifungua fundo hilo, na tangu alipoingia hadi aliporudi zilipita saa 2 na dakika 11. Loughman alitolewa hai, akiwa hoi, akaingizwa kwenye tangi la presha. Crilley alipewa Nishani ya Heshima, na aliyemkabidhi, tarehe 15 Februari 1929, ni Rais Calvin Coolidge.

Kuinua

Kazi ya kuinua iliongozwa na Julius A. Furer, mhandisi wa ujenzi wa meli wa jeshi. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa uzito. Chombo cha tani 330, kikijaa maji kabisa, kinapoteza tu ule uzito wa maji ambao chuma na risasi vinasukuma pembeni, kama sehemu moja ya nane. Kinabaki kati ya tani 260 na 290 za kuning'iniza, bila kuhesabu jinsi sakafu inavyokivuta.

Mbinu ya kwanza ilikuwa matishari mawili yenye winchi. Kebo zilipitishwa chini ya omo na tezi kwa kuvutwa na tagi mbili, kitanzi kikiburuzwa chini ya chombo. Zikikazwa, nyambizi inanyanyuka mita chache, kundi zima linavutwa kuelekea ufukweni mpaka nyambizi iguse tena mteremko, kebo zinakazwa upya, na safari inaanza tena. Inyanyue, ivute, ilaze. Kwenye maji yaliyotulia ni mbinu nzuri.

Bahari ya wazi haitulii. Tishari likipandishwa mita moja na wimbi, nyambizi haiwezi kupanda kwa kasi hiyo, na kebo inabeba mzigo uliozidi mara kadhaa uzito uliopimwa. Nyuzi za waya zinakatika moja moja, hasa pale kebo inapopinda kwenye ukingo wa chuma. Furer aliweka minyororo kwenye sehemu inayopita chini ya ganda, kwa kuwa mnyororo unavumilia kusuguliwa kuliko waya, na hali ikawa bora. Chombo kilifikishwa kwenye maji ya futi 48 hivi, karibu na mlango wa bandari. Halafu mwishoni mwa Mei bahari ikachafuka, na vile vile vilivyokuwa vikiinyanyua F-4 vikaanza kuikata. Ganda liliraruliwa. Kuendelea hivyo kungemaanisha kuingiza bandarini vipande viwili.

Furer akaacha matishari akabuni kitu kingine: pontuni sita, mapipa makubwa ya chuma yaliyovikwa mbao nje yasitoboke yakigongana. Zilitengenezwa Mare Island, California, na kuletwa na meli ya kivita Maryland. Ubora wake ni kwamba zinafanya kazi zikiwa chini ya uso wa maji, mahali ambapo wimbi halizirushi.

Utaratibu wake ulikuja kuwa wa kudumu. Mnyororo unapitishwa chini ya nyambizi, ncha zake mbili zinatoka kushoto na kulia. Pontuni ya kila upande ina bomba lililoipenya kutoka chini hadi juu. Ncha ya mnyororo inapita ndani yake. Pontuni inajazwa maji hadi iwe nzito kidogo kuliko bahari, inashushwa kwa kamba polepole kufuata mnyororo wake hadi ikae ubavuni mwa nyambizi, na mzamiaji anaufunga mnyororo kwa juu. Jozi tatu, mbili kwa mbili. Kisha hewa inasukumwa ndani na maji yanatoka. Kosa linalongojewa ni kutoa maji upande mmoja haraka kuliko mwingine. Ncha inayotangulia kupanda inavuta hewa yote kwake, hewa hiyo inatanuka kadiri inavyopanda, na mzigo unasimama wima au unateleza kwenye minyororo. Kwa hiyo kila pontuni inaangaliwa peke yake na hewa inapewa kidogo kidogo, kwa zamu.

Tarehe 29 Agosti 1915, miezi mitano na siku nne tangu izame, F-4 iliibuka, ikavutwa hadi kwenye chelezo Honolulu. Neno ni lilelile linalotumika Mwanza na Kigoma, na kazi ni ileile: maji yakitoka, mafundi wanapita chini ya chombo kwa miguu.

Kwenye chelezo

Miili 21 ilitolewa. Ni wanne tu waliotambulika kwa majina. Waliobaki 17 walizikwa kwenye makaburi ya Arlington. Tarehe 31 Agosti F-4 ilifutwa kwenye orodha ya meli za jeshi.

Bodi ya uchunguzi ilikuwa na kazi ngumu, maana ganda lilikuwa limebonyezwa na kina, likakatwa na kebo, likakaa miezi mitano ndani ya chumvi. Kutenganisha kutu ya kabla ya ajali na ya baada yake ni kazi ya jicho lililozoea. Kutu ya maji ya bahari inakuja kwa eneo zima na rangi ya kahawia. Alama ya tindikali ni mashimo, iko mahali palipofunikwa na bati, na kichwa cha ribiti kinaonekana kimeliwa kuanzia upande wa betri. Bodi ilifikia kwamba bati la risasi lililoharibika ndilo lililoruhusu maji ya bahari kuingia kwenye chumba cha betri, na nahodha akapoteza udhibiti wa chombo kikiwa kinakwenda chini ya maji. Ilitolewa kama dhana inayolingana zaidi na ushahidi, na ndivyo inavyopaswa kusomwa.

F-1, F-2 na F-3 zilirudishwa pwani ya California. F-1 haikuwa na bahati: tarehe 17 Desemba 1917 iligongwa na F-3 ikazama, na watu 19 wakafa. Mbinu ya pontuni ilitumika tena kuiinua nyambizi S-51, iliyozama mwaka 1925, na Crilley alikuwa miongoni mwa wazamiaji wake.

Ganda la F-4 halikuuzwa chuma chakavu wala halikuwekwa makumbusho. Novemba 1915 lilihamishwa na kulazwa kwenye tope la Magazine Loch, ndani ya Pearl Harbor. Mwaka 1940, wakati mfereji mmoja karibu na kituo cha nyambizi ulipokuwa ukijazwa, mabaki hayo yaliingizwa humo pamoja na kifusi.